Mpapai wa Kwa Mabafu

Kikombe hiki kimekataa kutakata. Nimekisugua kwa ndimu, nimekisugua kwa jivu kama mama alivyonifunza, nimekichemsha mpaka binti yangu akaniuliza kama leo tunakula vikombe. Ule ukoko mweupe wa ndani, pale chini, haujabanduka hata kidogo. Ni kikombe cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu, na kimebonyea upande mmoja. Tulipogawana vitu vya mama baada ya mazishi, binamu zangu walichukua mablanketi na redio. Mimi nilichukua kikombe, na hakuna aliyegombana nami.

Juzi nilikiinua nikakinusa. Bado kinanuka kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na nyuma ya kiberiti, yai lililooza. Mlango ulikuwa umefungwa, hapakuwa na mwanafunzi wala mzazi wa kuniona, basi nikakilamba. Mwalimu mzima mwenye miwani, analamba kikombe jikoni kwake mjini Kitui. Chumvi ikaniuma ulimini, nikalia kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukilia. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Tumefika umri ambao mambo makubwa yanatukuta tumesimama imara, halafu kitu kidogo kinatuangusha jikoni.

Maji yaliyoacha ukoko huo yalitoka Kwa Mabafu. Palikuwa bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mukuyuni, mahali ambapo mto hukauka nusu ya mwaka lakini chemchemi haikukauka. Maji yalichuruzika chini ya mwamba yakiwa na uvuguvugu kama uji uliosahauliwa mezani, yakaacha weupe kila yalipopita. Mbuzi waliyapenda. Mboga ziliyachukia. Wazee walisema kwamba zamani watu walipeleka mifugo tu pale kulamba mawe, mpaka Mzungu mmoja wa reli, aliyekuwa na magoti mabovu, alipoketi ndani ya dimbwi siku ya jua kali ili apoe, akainuka bila fimbo. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba yeye ndiye aliyejenga mabafu manne ya saruji na vyumba sita vya mabati, akawa analeta marafiki zake wenye magoti mabovu kama yake. Alipoondoka kurudi kwao aliliachia kanisa letu ufunguo na taulo kumi na mbili.

Zawadi hiyo ililitia kanisa taabuni. Wazee wa kanisa walikaa vikao viwili vizima wakibishana kama anayeponya ni Mungu au ni maji, maana kama ni maji, basi pale si mbali na kwa mganga. Mwishowe wakaafikiana: mgonjwa ataombewa kwanza, ndipo anywe, na akipona atatoa ushuhuda uandikwe kitabuni. Mwandishi wa hicho kitabu, na mfagiaji, na mpishi, na mpimaji wa maji, na mlinzi wa mapazia ya magunia yaliyotenganisha wanaume na wanawake mabafuni, alikuwa mtu mmoja, mama yangu. Baba alifariki mdogo wangu Mumbua akiwa bado tumboni, wazee wakamhurumia mama wakampa kazi hiyo na chumba cha mwisho, kile kilichovuja. Sisi tulimwita Mwaitu, kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita mama. Wageni walimwita Mama Mwikali, kwa jina langu mimi, na nilijiona mkubwa sana kwa ajili ya hilo.

Wageni walikuwa wengi. Walikuja wafugaji kutoka Tseikuru, wamesafiri siku mbili na miguu imepasuka. Walikuja wenye maduka wa miji ya barabara ya Mombasa, wengi wao watu wa Mkoa wa Kati, na migongo yao ya kubeba magunia. Walikaa wiki, wakaoga asubuhi na jioni, wakanywa vikombe vitatu kwa siku, wakala muthokoi wa mama, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakasema hata huo peke yake ni dawa. Kila bafu lilikuwa na kazi yake: la magoti, la mgongo, la ngozi, na la nne ambalo halikuwa na ugonjwa maalumu, lilikuwa la watu waliochoka tu. Hilo ndilo lililojaa kila siku.

Kunywa kulikuwa na sheria. Ulisimama ukatazama kilima, ukanywa kikombe kizima kwa mkupuo mmoja, na hukukunja uso. Sheria hiyo haikutoka kwa Mzungu wala kwa kanisa, ilitoka kwa mama.

"Usikunje sura," alikuwa akiwaambia watu wazima kama anaambia darasa la kwanza. "Hii maji haipendi mtu wa madharau. Ukikunja sura inakukataa, na mimi sina ingine ya kukupea."

Nilimwona mwanamume mmoja mwenye mwili wa kubeba ng'ombe akitokwa na machozi ili asikunje uso. Nami niliamini kila neno. Kwangu mimi maji yale yalikuwa na macho. Yalimtazama mtu wakati anakunywa, kisha yakaamua. Aliyepona, watu walisema maji yamemkubali. Asiyepona walisema yamemkataa, naye alifunga mzigo wake akaondoka kimya kimya, kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani.

Kazi yangu mimi ilikuwa kubandua ukoko. Kila Jumamosi mama alizibua mabafu, maji yakaenda zake, nami niliingia ndani na kipande cha mfuniko wa sufuria nikakwangua ule weupe mpaka mikono ikawaka moto. Tuliujaza katika gunia tukamwekea Mzee Musyimi. Huyu alikuwa mfugaji wa Tseikuru aliyekuja kila mwaka na magoti yake, na akirudi nyumbani alibeba ukoko wa kulambisha mbuzi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkono wake ulizoea kupapasa wanyama, hata akikusalimia alikushika bega kana kwamba anapima kama unafaa kuuzwa.

Mumbua hakuwa na kazi. Alikuwa hajaanza shule, naye aliwapa wageni majina. Kulikuwa na Mzee Magoti, na Mama Mgongo, na Bwana Kujikuna, na wote waliitika kwa kicheko, wengine wakamletea peremende. Mimi aliniita Kali, maana Mwikali lilimshinda, na kweli nilikuwa mkali. Nyuma ya jiko letu palikuwa na mpapai mmoja ulioota baada ya Mumbua kutema mbegu pale, kwa hiyo ulikuwa wake, na mtu yeyote aliyetaka kupita karibu nao alimwomba ruhusa. Mama aliunywesha maji ya kuoshea vyombo. Ulikuwa umefika urefu wa mama, nao ulikuwa umeshika matunda matatu ya kwanza, madogo kama ngumi. Mumbua alikuwa amekwisha kuyagawa: moja la Mwaitu, moja la Kali, moja lake.

Ugonjwa ulianza na macho. Asubuhi aliamka kope zimejaa, saa sita zikashuka. Halafu mashavu yakajaa nayo hayakushuka. Halafu miguu. Nataka mwelewe kwamba ilikuwa miaka ya ukame, na mtoto mnene alikuwa kitu cha kutazamwa. Kulikuwa na mgeni mmoja, Mama Njeri, aliyekuwa na duka kwenye barabara ya Mombasa na mgongo usiotaka kunyooka. Alimshika Mumbua mashavu akaita wenzake waje waone.

"Ai, Mama Mwikali! Huyu mtoto ameshika mwili! Si unaona hii maji imemkubali hata bila kuoga? Na wetu tunawapea maziwa kila siku na wako tu hivi, kama kijiti."

Mama alicheka, akajifuta mikono kwenye leso yake, akacheka tena. Kicheko hicho nakikumbuka kuliko hata sauti yake ya kusema. Mwanamke mjane, chumba kinavuja, na mtoto wake amenona kuliko wa wenye duka. Nani angemnyima furaha hiyo? Mimi nilifurahi pamoja naye, hata nikaona wivu, maana nilikuwa mwembamba na hakuna aliyewahi kuita watu waje kunitazama.

Lakini mwili uliongezeka na nguvu zikapungua. Mumbua aliacha kuwapa wageni wapya majina. Aliketi mlangoni akawatazama tu wakipita. Alikataa chakula, akasema tumbo limejaa. Mama akasema, kwa nini tuhangaike, dawa watu wanaifuata kutoka mbali na sisi tumelala mlangoni pake. Akampangia vikombe vitatu kwa siku, kama mgeni wa kulipa.

Kikombe cha kwanza alimpa kwa mkono wake. Mumbua alisimama akatazama kilima kama alivyowaona watu wazima wakifanya, akanywa chote, kisha akakitapika chote kwenye gauni la mama. Mama hakukasirika. Alimfuta mdomo, akamwambia kesho atazoea. Kisha akaniita. Wageni walikuwa wengi wiki hiyo, kwa hiyo kuanzia kesho ningempa mimi, asubuhi, mchana na jioni, na nisimwache mpaka amalize.

Alipoondoka Mumbua alinishika nguo. "Kali, hiyo maji inaniuma. Kali, mimi sitaki."

Nilikuwa na miaka tisa. Sikuweza kumnywesha mtu maji huku akinitazama hivyo. Kando ya kanisa la pale pale bondeni kulikuwa na tangi la maji ya mvua, yaliyotumika kwa chai peke yake, kwa sababu maji ya chemchemi yaliyakata maziwa. Kuchota maji ya chai bila ruhusa kulikuwa wizi kabisa, na mama alitwambia hivyo. Niliiba. Nilijaza chupa nikaificha ndani ya gunia la ukoko. Kila mara nilikwenda chemchemini mbele ya watu wote, nikajaza kikombe, nikapita nyuma ya jiko, nikamwaga maji ya chemchemi kwenye shina la mpapai, nikajaza ya mvua, nikampa Mumbua. Alikunywa bila kukunja uso, kwa nini akunje?

Na msidhani kwamba nilimwaga ovyo. Nilikuwa na hesabu yangu. Jumapili tulifundishwa kwamba mmoja anaweza kuteswa kwa niaba ya mwingine, na huyo mwingine akapona. Basi mpapai ulikuwa wa Mumbua, ulitoka kinywani mwake, na kama mpapai utayanywa yale machungu kwa niaba yake, maji yataona, yatahesabu, yatamponya. Nilikuwa nikiuombea kabla sijamwaga, kama sheria ya wazee wa kanisa ilivyotaka. Vikombe vitatu kwa siku. Sikukiruka hata kimoja.

Mama alijivunia sana. Baada ya wiki moja alianza kumtumia Mumbua kama mfano. Mgeni akikohoa au akitaka kutema, mama aliniita nilete kikombe cha Mumbua, nami nilikileta kutoka nyuma ya jiko, tayari, na Mumbua alisimama kwa miguu yake iliyojaa, akatazama kilima, akanywa.

"Mnaona?" mama aliwaambia. "Mtoto mdogo hivi. Hata jicho hajafinya. Na nyinyi watu wazima?"

Wageni walipiga makofi. Mumbua alinitazama juu ya mdomo wa kikombe akatabasamu, lile tabasamu la siri yetu wawili, mashavu yakiwa yamemfunga macho. Nikiwa darasani hata leo, mtoto akitabasamu hivyo huwa nageukia ubao.

Kisha mpapai ukaanza kugeuka manjano. Kwanza majani ya chini, halafu ya juu yakajikunja pembeni kama karatasi iliyosogezwa motoni. Yale matunda matatu yakaanguka moja moja. Mama alichunguza shina akasema ni mchwa, akamwaga jivu. Mimi nilijua si mchwa. Nilijua maji yameukataa mpapai, na yakiukataa mpapai yamemkataa Mumbua, na kwamba nilikuwa nimejaribu kuyadanganya maji yenye macho. Niliogopa hata kupita pale. Lakini sikuthubutu kuanza kumpa ya kweli, kwa sababu ningemwelezaje mama kwa nini ameanza tena kukunja uso? Basi niliendelea, na uoga wangu, vikombe vitatu.

Mzee Musyimi ndiye aliyeona. Alifika na magoti yake, akamshika Mumbua bega kumsalimia, halafu mkono wake ukasita. Alichuchumaa, jambo ambalo kwake lilikuwa adhabu, akamfinya mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Tulilitazama shimo hilo sote watatu, na halikujaa.

"Mama Mwikali," alisema taratibu, "huyu mtoto hajanona. Huyu amefura. Mbuzi wangu akifura namna hii mimi siketi. Mpeleke hospitali leo. Wacha hata hiyo chakula yangu."

Mama alisimama na kijiko mkononi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kabla jua halijapanda vizuri alikuwa amemfunga Mumbua mgongoni kwa leso mbili, maana moja haikutosha, na wakaondoka. Walipitia Mukuyuni wakamchukua Anti Kavinya, mdogo wake mama, awasindikize. Mimi niliachwa niwaangalie wageni. Kitu cha mwisho Mumbua alichoniambia, kichwa kikiwa kimelala kwenye bega la mama, ni kwamba nisisahau kunywesha mpapai wake.

Walikaa siku nne. Siku ya tano mama alirudi na Anti Kavinya, wakafuatwa na gari la wazee wa kanisa, na mgongoni mama hakuwa na mtu. Leso zote mbili alikuwa amezikunja vizuri akazishika kifuani. Nilikwenda nyuma ya jiko nikaketi chini kando ya mpapai, ambao sasa ulikuwa kijiti tu, nikauambia kwamba tumemwua.

Tulimzika nyumbani kwa baba, karibu na Mukuyuni. Kesho yake mama alirudi Kwa Mabafu, akaingia mabafuni moja baada ya jingine, akazibua vizibo vyote vinne. Wageni wawili walikuwa bado ndani ya maji, wakalalamika. Mama akaenda nyuma ya jiko. Aliukata mpapai kwa panga, pigo moja, akawapa wazee ufunguo. Mmoja alimwambia, kwa upole, kwamba Mungu ametoa na chemchemi bado ni baraka. Mama akasema, "Usinitajie hiyo maji. Usinitajie tena." Nami nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba ameyakasirikia maji kwa kuwa yamemkataa mtoto wake aliyeyanywa kwa adabu kuliko wote. Na mimi peke yangu nilijua kwamba hayakuwa na kosa. Aliyekosa nilikuwa mimi.

Baada ya hapo tuliishi Mukuyuni, mama akiuza nyanya na vitunguu sokoni. Kwa Mabafu wazee waliajiri mwingine, halafu mwingine. Wakachimba visima upande wa juu wa bonde, chemchemi ikapungua, ikawa jasho tu la mwamba. Mabati ya vyumba yaling'olewa. Nilipita huko mwaka jana nikakuta bafu la waliochoka limejaa mchanga na mbuzi wawili wamelala ndani, wametulia kabisa. Kitabu cha ushuhuda hakuna anayejua kiliko.

Toka siku tulipohama, mama hakutia chumvi katika chakula. Hata chembe. Alipika isyo, mahindi na maharagwe, akapika mboga, akapika nyama ya Krismasi, vyote baridi mdomoni. Mezani aliweka kopo la chumvi la wengine, naye hakuligusa. Nilipouliza alisema ni presha. Nilipokuwa msichana nilimtania kwamba chakula chake kinahitaji maombi. Mume wangu, alipokuja kujitambulisha, alikula sahani nzima kwa uso uliotulia hivi kwamba mama alimpenda papo hapo. Tulicheka miaka na miaka juu ya chakula cha mama. Sikujiuliza ni mgonjwa gani wa presha ambaye hajawahi kupimwa presha.

Siri yangu nilikua nayo. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikajua kwamba ugonjwa wa Mumbua ulikuwa wa figo, na kwamba figo haziponywi na maji ya mwamba wala hazina habari na mipapai. Akili ilijua. Lakini yule mtoto wa miaka tisa hakuenda chuo cha ualimu, yeye alibaki nyuma ya jiko na kikombe. Mara nyingi nilitaka kumwambia mama, na kila mara niliuona ule uso wake wa siku ya Mzee Musyimi nikanyamaza.

Wiki yake ya mwisho nilikuwa naye, mchana kutwa, nikimlisha uji kwa kijiko. Kila bakuli aliuliza neno lile lile.

"Mwikali, umeweka chumvi?"

"Sijaweka, Mwaitu."

Ndipo alipofungua mdomo. Siku ya Alhamisi alinishika mkono akanitazama sana, akataja jina la Mumbua, akasubiri. Nikajua, sasa ndio wakati. Maneno yalikuja yakafika hapa kooni. Kisha nikafikiri, huyu mama anakwenda, atakwenda akijua kwamba binti aliyebaki ndiye aliyemnyima dawa yule aliyekufa? Nikayameza. Niliona ni huruma. Nilimfuta mdomo nikamwambia apumzike, naye akageukia ukutani. Jumamosi akafariki.

Baada ya mazishi watu walitawanyika, nikabaki na Anti Kavinya tukiosha masufuria ya wageni uani. Nilisema, kwa kutaka tu kuzungumza, kwamba walau leo chakula cha mama kimepikwa na chumvi. Anti Kavinya aliacha kusugua.

"Kwani hakukuambia?" aliuliza. "Miaka hii yote, na hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Ile siku ya Mumbua. Daktari alimuuliza, Mama, mtoto umekuwa ukimpea nini? Akasema ni maji ya chumvi ya Kwa Mabafu, kikombe tatu kila siku, wiki tatu. Daktari hata hakumgombeza. Aliweka tu kalamu chini. Akasema mtoto wa kufura hivi hapewi chumvi, chumvi ndio inamjaza. Ni hivyo tu alisema. Lakini mamako alisikia kitu kingine. Aliniambia, Kavinya, nimemuua na mkono yangu, kikombe kwa kikombe, na watu wakanipigia makofi. Nikamwambia hukujua. Nimemwambia hivyo mpaka nikazeeka. Hata ile Alhamisi usiku nimekuja kumwona, bado anauliza, Nikimpata Mumbua huko nitamwambia nini?"

Nilikuwa na sufuria mkononi. Niliendelea kuisugua mahali pale pale. Miaka yote hiyo mama alikula mateso yake bila chumvi, meza moja na mimi, na neno la kumtoa humo lilikuwa kinywani mwangu. Si neno kubwa. Mtoto wa miaka tisa angelisema. Mimi nililificha nikidhani namlinda, na Alhamisi ile, alipolitaja jina na kunisubiri, nilimfuta mdomo.

Niliinuka nikaiweka sufuria chini. Makaburi yapo nyuma ya nyumba, la baba, la Mumbua lililozama kidogo, na la mama lenye udongo mbichi na maua ya kanisa. Jua lilikuwa bado kali. Nilipiga magoti katikati ya la Mumbua na la mama, nikaanza kwa Kikamba, nikashindwa, nikaanza tena. Nikasema kwa sauti, na watu wa shamba la jirani wakainua vichwa.

"Mwaitu, hakuyanywa. Alikunywa kikombe kimoja tu, kile chako, akakitapika kwenye gauni lako, unakumbuka. Vile vingine vyote nilimpa maji ya chai. Niliiba. Chumvi haikumwingia mtoto wako. Mwaitu, haikuwa mchwa. Ni mpapai peke yake uliokufa kwa chumvi."